NANI MWENYE KILICHO CHINI YA SHAMBA? Uchunguzi wa Istilahi za Ukodishaji wa Mafuta na Gesi

1. Utangulizi

Kabazi ni sehemu ya Subukia, katika Kaunti ya Nakuru, upande wa mashariki wa Bonde la Ufa. Wakati wa ukoloni nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Baada ya Uhuru wa 1963 mashamba mengi ya eneo la Nakuru yalinunuliwa na Waafrika, na wengi wao walichangishana fedha katika vyama vya ushirika na kampuni za kununulia ardhi. Mtu aliyepata ekari zake kwa njia hiyo, akangojea hati yake kwa miaka mingi, huiona hati hiyo kuwa ndiyo neno la mwisho. Akiulizwa ni nani mwenye shamba, hutaja jina lililoandikwa humo. Akiulizwa ni nani mwenye kilicho chini ya shamba, hustaajabu kwamba hilo nalo ni swali.

Hata hivyo ni swali, tena ni swali jingine kabisa. Kabazi haijulikani kwa mafuta wala gesi; mali yake ni udongo wake. Lakini Bonde la Ufa ni moja, na tumbo lake limekwisha kutikisika na kupekuliwa. Tarehe 6 Januari 1928 bonde la Subukia lenyewe lilipatwa na mojawapo ya matetemeko makubwa ya ardhi yaliyopata kuandikwa katika Afrika Mashariki. Mwaka 2011 uchimbaji wa visima vya mvuke ulianza katika kreta ya Menengai, si mbali na Kabazi. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, huko Lokichar, Turkana. Na mwaka 2016 kisima cha Cheptuket 1 kilichimbwa katika bonde la Kerio, kikaonyesha dalili za mafuta. Kwa hiyo si jambo la ajabu mkulima wa Bonde la Ufa kuletewa karatasi inayotaja haki za chini ya ardhi, naye akatakiwa kuelewa ni nani anayesema naye.

Makala haya yanakusudia kueleza ni nani hasa huitwa mwenye haki ya kuchimba mafuta na gesi, na jinsi msamiati wa Kiswahili unavyoweza kulidhihirisha jambo hilo au kulificha. Itaonyeshwa kwamba ugumu wa suala hili hautokani na sheria peke yake. Sehemu yake hutokana na maneno matatu ya kawaida sana: ‘mwenye’, ‘kodi’ na ‘mkandarasi’.

2. Neno ‘mwenye’ na mipaka yake

Shina -enye ni miongoni mwa mashina yanayotumika mno katika Kiswahili, na maana yake ya msingi ni kuwa na kitu. Haliulizi kitu hicho kimepatikanaje, wala mtu anacho kwa haki gani. Mwenye duka ana duka, na mwenye njaa ana njaa. Lakini hakuna atakayesema kwamba mwenye njaa anaimiliki njaa yake. Mwenye nyumba ni yule anayepokea kodi, ingawa jirani akibisha hodi na kumwita ‘mwenye nyumba’, mpangaji naye huitika. Kutokana na shina hilo hilo limepatikana neno ‘mwenyeji’, ambalo humtaja mtu wa mahali, awe na hati au asiwe nayo.

Katika mazungumzo ya kila siku upana huu hauna madhara. Katika mkataba una madhara makubwa. Sentensi ‘kampuni ndiyo mwenye kitalu’ yaweza kumaanisha mambo manne yasiyofanana: kwamba kampuni inayamiliki mafuta yaliyomo, kwamba imepewa ruhusa ya kuyatafuta, kwamba ndiyo inayoendesha kazi pale, au kwamba imeukalia uso wa ardhi. Msikilizaji huchagua maana moja, na aghalabu huchagua ile ya kwanza, ambayo kwa Kenya si ya kweli.

Lugha za jirani zinaonyesha kwamba tofauti hizi si ngeni kwa Mwafrika. Katika Kikuyu, lugha inayosemwa na wakazi wengi wa Subukia, mapokeo ya ardhi yaliwatenga watu wawili kwa majina yao. ‘Mũramati’ alikuwa msimamizi wa ardhi ya mbari: aliiangalia, akaigawa na kuitetea, lakini hakuwa na idhini ya kuifanya mali yake binafsi. ‘Mũhoi’ alikuwa mtu aliyeomba mahali pa kulima akapewa. Alivuna alichopanda, lakini ardhi haikuwa yake, wala kukaa kwake hakukumpa haki ya kuirithisha. Mzee aliyekulia katika maneno hayo hahitaji kufundishwa upya kwamba msimamizi si mmiliki na mtumiaji si mmiliki. Anachohitaji ni tafsiri isiyowaita wote ‘wenye’.

3. Uso wa ardhi na kilicho juu au chini yake

Wazo kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na mwenyewe na mahali kilipo pakawa na mwingine ni la kale katika pwani ya Waswahili. Katika Mombasa iko desturi mashuhuri ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba juu ya kiwanja cha mwingine, nyumba ikawa yake, naye akamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba huuzwa na kurithiwa; kiwanja hubaki pale pale kwa mwenyewe. Vivyo hivyo yumkini minazi ikawa ya mtu mmoja na udongo ulioshika mizizi yake ukawa wa mwingine. Mwenye udongo haruhusiwi kuangua nazi kwa sababu tu zimeangukia kwake.

Haki za madini na mafuta ni desturi hiyo hiyo iliyogeuzwa kichwa chini. Pwani, kilichotengwa na ardhi kiko juu yake. Hapa kilichotengwa kiko chini. Kwa kulinganisha hivyo, jambo linaloonekana geni huwa jepesi: shamba lina tabaka la uso, ambalo hati ya mkulima hulitaja, na lina yaliyomo tumboni, ambayo yaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa.

Katiba ya Kenya ya 2010 yahitaji kusomwa kwa uangalifu katika jambo hili. Ibara ya 260, inayotoa fasili, inasema kwamba ardhi ni pamoja na uso wa dunia na miamba iliyo chini ya uso huo. Msomaji akiishia hapo, atadhani mwenye ardhi ni mwenye miamba na yote yaliyomo. Lakini Ibara ya 62 inayaingiza madini yote na mafuta ya madini, kama yanavyofasiliwa na sheria, katika orodha ya ardhi ya umma, na kusema kwamba yanashikiliwa na serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Fasili moja inapanua, ibara nyingine inatenga. Mkulima wa Kabazi hana mafuta chini ya shamba lake hata kama mafuta yapo. Anao uso wa ardhi, na pamoja na Wakenya wote ana fungu katika amana.

Wala jambo hilo halikuanza mwaka 2010. Dola ya Kiingereza ilijitengea madini ya koloni, na Sheria ya Madini ya 1940 iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na ile ya 2016. Kilichobadilika ni jina la mwenyewe. Zamani alikuwa Mfalme, kisha Serikali, na sasa ni Serikali ikiwa mũramati wa wananchi. Tofauti ya ‘Serikali inamiliki’ na ‘Serikali inashikilia kwa amana’ si pambo la maneno, kwa kuwa mwenye kushikilia amana huulizwa hesabu.

4. Mfumo wa Marekani, chimbuko la istilahi

Vitabu vingi vinavyoeleza ukodishaji wa mafuta na gesi hutoka Marekani, na istilahi zake zimetungwa kwa mazingira ya huko. Yafaa mazingira hayo yaelezwe ili ijulikane ni yapi yanayoweza kuhamishwa na ni yapi yasiyoweza.

Marekani, mwenye shamba binafsi kwa kawaida humiliki pia mafuta yaliyo chini, isipokuwa kama haki hizo zilitengwa zamani. Aweza kuuza uso wa shamba na kubaki na haki za chini, au kuuza za chini na kubaki na uso. Kisima cha Edwin Drake huko Titusville, Pennsylvania, kilichotoa mafuta tarehe 27 Agosti 1859, kilichimbwa katika ardhi iliyokodiwa. Hivyo biashara hii ilizaliwa ikiwa tayari na watu wawili, anayekodisha na anayekodi.

Katika mkataba wa namna hiyo mwenye haki za chini huipa kampuni ruhusa ya kutafuta na kuchimba kwa muda wa mwanzo, tuseme miaka mitatu au mitano. Mafuta yasipopatikana, mkataba hufa. Yakipatikana, mkataba huendelea maadamu yanatoka. Mwenye haki hulipwa sehemu ya mazao bila kuchangia gharama. Kwa mapokeo ya zamani sehemu hiyo ilikuwa moja ya nane. Kampuni nayo yaweza kuihamishia kampuni nyingine haki zake zote au fungu lake, na ile ya pili ikaihamishia ya tatu. Baada ya miaka thelathini mjukuu wa yule aliyetia sahihi hupokea hundi kutoka kwa kampuni asiyoijua. Ili ajue ni nani anayeshika mkataba, humlazimu kwenda katika masjala ya wilaya na kufuata mlolongo wa hati, moja baada ya moja, tangu babu yake hadi siku hiyo.

Neno ‘ukodishaji’ linauelezea mfumo huo sawasawa, kwa sababu pana mtu mwenye mali anayeikodisha. Likiletwa Kenya bila maelezo hupotosha, kwa sababu mkulima hana cha kukodisha kilicho chini. Akisoma kwamba shamba lake ‘limekodishwa kwa mafuta’, hungojea kodi isiyokuja, na huku haki aliyo nayo kweli, yaani fidia ya uso wa ardhi na mazao yake, yaweza kumpita bila kuidai.

5. Kukodi, kukodisha na kodi

Hapa pana tatizo la pili, nalo ni la lugha tupu. Kwa mujibu wa unyambuaji wa Kiswahili, ‘kukodi’ ni kuchukua kitu kwa malipo, na ‘kukodisha’ ni kukitoa. Kiambishi cha kutendesha ndicho kinachowatenga watu wawili. Uhusiano huo huo uko baina ya ‘kupanga’ na ‘kupangisha’, na baina ya ‘kukopa’ na ‘kukopesha’.

Lakini katika usemi wa mitaani mpaka wa ‘kukodi’ na ‘kukodisha’ umefifia. Husikika mtu akisema ‘nimekodisha shamba ekari mbili’, na asiyemjua hawezi kutambua kama amepata shamba au amelitoa. Yastahili kuangaliwa kwamba mkanganyo huo haukuingia katika ‘kukopa’ na ‘kukopesha’. Huenda sababu ni kwamba katika mkopo kila mmoja anajua vema anasimama upande gani. Katika mkataba wa ardhi pia kila mmoja yampasa ajue, na ndiyo maana waandishi wa sheria hawana budi kurudisha mpaka huo. ‘Mkodishaji’ na awe yule anayetoa, na ‘mkodi’ awe yule anayechukua. Umbo ‘mkodishwaji’ ni sahihi kisarufi, lakini latofautiana na ‘mkodishaji’ kwa sauti moja tu. Katika waraka unaosomwa kwa sauti barazani, sauti moja ni ulinzi mdogo mno.

Nomino ‘kodi’ nayo inabeba mizigo miwili: malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na malipo ya raia kwa Serikali. Kampuni ya mafuta hutoa malipo ya namna mbalimbali: ada ya kila mwaka ya eneo, ushuru wa mapato, na sehemu ya mazao. Yote yakiitwa kodi, hakuna atakayejua lipi limelipwa kwa nani. Neno ‘mrabaha’ lingefaa litumike daima kwa malipo yanayotokana na kiasi cha mali iliyotolewa ardhini. Waandishi wa vitabu wanalijua tayari, kwani ndilo jina la fungu analolipwa mwandishi kwa kila nakala iliyouzwa, na wazo ni lile lile: mwenye asili ya mali hupata sehemu kila mali inapouzwa.

6. Mfumo wa Kenya: mkataba badala ya ukodishaji

Kwa mafuta na gesi, Kenya haikodishi tumbo la ardhi. Sheria ya Petroli ya 2019, iliyochukua mahali pa ile iliyotungwa katika miaka ya 1980, inaendeleza utaratibu wa mkataba wa kugawana mazao. Nchi imegawanywa katika vitalu. Serikali, kwa mkono wa Waziri, hufanya mkataba na kampuni kuhusu kitalu fulani. Kampuni hutoa mtaji na kuikabili hatari ya kukosa. Ikikosa, hasara ni yake. Ikipata, hujirudishia gharama kutokana na sehemu ya mafuta, na mafuta yanayosalia hugawanywa baina yake na Serikali kwa kadiri ya mapatano. Juu ya hayo, Ibara ya 71 ya Katiba inataka mikataba inayotoa haki ya kutumia maliasili ithibitishwe na Bunge.

Katika sheria hiyo kampuni huitwa ‘mkandarasi’, nalo ni neno la tatu linalopotosha. Katika Kiswahili cha kawaida mkandarasi ni mtu anayejenga barabara au shule, akalipwa ujira wake na kuondoka. Mkandarasi wa petroli halipwi ujira. Hupata fungu la mali yenyewe, na aweza kulitoa au kuliuza fungu hilo. Kumwita mkandarasi bila kuongeza neno ni kumfanya msikilizaji adhani yeye ni mtumishi wa Serikali. ‘Mshika mkataba’ lingekuwa jina la wazi zaidi, kwa sababu lataja kile hasa anachoshika, na halidai kwamba anashika kingine.

Huenda ikasaidia kulinganisha na Tanzania. Chini ya Sheria ya Petroli ya 2015 ya nchi hiyo, leseni hutolewa kwa shirika la taifa, yaani TPDC, nalo huingia mikataba na kampuni. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, ni mfano mzuri: leseni ilikuwa ya TPDC, na uendeshaji ulikuwa wa kampuni binafsi. Zanzibar ilijitungia sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016. Hivyo neno ‘mwenye leseni’ halimtaji mtu wa namna moja katika kila nchi, na mfasiri anayevuka mpaka hana budi kuuliza kwanza.

7. Lokichar: haki inapohama na mwenyewe anapohama

Ili kuona jinsi mshika mkataba anavyoweza kubadilika pasipo mwenyeji kuona badiliko lolote, historia ya vitalu 10BB na 13T huko Turkana yatosha. Mwaka 2010 kampuni ya Tullow ilipata nusu ya haki katika vitalu vya Africa Oil, ikawa pia mwendeshaji. Mwaka 2012 mafuta yakaonekana. Baadaye Africa Oil ilikata nusu ya fungu lake, yaani asilimia 25, ikaipa Maersk. Mwaka 2018 Total iliinunua Maersk Oil yenyewe. Mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ilisafirishwa kutoka Mombasa. Mwaka 2023 Africa Oil na TotalEnergies zilijiondoa, Tullow ikabaki peke yake. Na mwaka 2025 Tullow iliiuza kampuni yake tanzu ya Kenya kwa Gulf Energy.

Matukio hayo yanafanana kwa juu, lakini ni ya aina mbili. Africa Oil ilipoipa Maersk fungu lake, haki ilitoka mkononi mwa mtu mmoja wa kisheria ikaingia mkononi mwa mwingine. Jina katika mkataba lilibadilika, na badiliko kama hilo huhitaji kibali cha Serikali. Total ilipoinunua Maersk Oil, na Gulf Energy ilipoinunua kampuni tanzu ya Tullow, jambo lilikuwa jingine: kampuni iliyoshika haki ilibaki ile ile, bali kampuni hiyo yenyewe ilipata mwenyewe mpya. Katika hali ya kwanza, haki ndiyo iliyohama. Katika hali ya pili, mshikaji hakuhama, ila aliyemshika yeye amebadilika.

Kiswahili kinaweza kuyatenga mambo haya kwa urahisi kikitaka. La kwanza na liitwe ‘uhamisho wa haki’, la pili ‘uhamisho wa kampuni’. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwenyeji mwenye madai. Kama kampuni iliyoahidi kisima cha maji au fidia ya malisho imebaki ile ile katika hati, deni nalo limebaki kwake, hata kama bango lililo langoni limeandikwa jina jipya. Kama haki imehamishwa, hapana budi hati ya uhamisho isomwe ili ijulikane madeni ya zamani yamekwenda na nani. Mtu anayejua neno moja tu, ‘wameuza’, hana njia ya kuuliza swali hilo.

8. Mvuke wa Menengai

Mfano ulio karibu zaidi na Kabazi si wa mafuta bali wa mvuke. Nguvu za mvuke zilianza kuzalisha umeme Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1981, na mwaka 1982 ikatungwa sheria maalumu ya rasilimali hiyo. Sasa mambo yake yamo katika Sheria ya Nishati ya 2019. Huko Menengai kazi imegawanywa kwa namna inayolijaribu sana neno ‘mwenye’. Rasilimali yenyewe iko chini ya Serikali. Kampuni ya umma ya GDC, iliyoundwa mwaka 2008, huchimba visima na kuuza mvuke. Kampuni binafsi tatu zilichaguliwa kujenga mitambo ya megawati 35 kila mmoja; wa kwanza, ule wa Sosian, ulianza kuzalisha mwaka 2023. Umeme hununuliwa na shirika la kusambaza umeme.

Akiulizwa ni nani mwenye umeme wa Menengai, mtu aweza kutoa majibu manne na yote yakawa ya kweli. Mwenye rasilimali, mwenye visima, mwenye mtambo na mnunuzi ni watu wanne. Mkazi anayelalamikia kelele za kisima akimwendea mwenye mtambo, ataambiwa aende kwingine, wala hataambiwa uongo. Ajuaye kuyapambanua majina hayo huenda penye mlango ulio sawa siku ya kwanza.

9. Fungu la wenyeji

Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa mapato ya Serikali yatokanayo na mafuta kama ifuatavyo: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti, na asilimia 5 kwa wenyeji. Kwa mrabaha wa mvuke mgawanyo ni huo huo. Kwa mrabaha wa madini, Sheria ya Madini ya 2016 inatoa asilimia 70, 20 na 10.

Mambo mawili yahitaji kuangaliwa. Kwanza, asilimia 5 ya mafuta si asilimia 5 ya mafuta yote, bali ni ya fungu la Serikali baada ya mshika mkataba kuondoa lake. Serikali ikipata shilingi 1,000,000, taifa huchukua 750,000, kaunti 200,000 na wenyeji 50,000. Mtangazaji anayesema ‘wenyeji watapata asilimia 5 ya mafuta’ amepunguza maneno machache na kuongeza matumaini mengi. Pili, fungu hilo ni la wenyeji kwa jumla, wala si la mtu aliyechimbiwa kisima shambani mwake. Hapo ndipo neno ‘mwenyeji’ linapopata uzito wa kisheria ambao halikuwa nao. Katika Kabazi, ambako familia zilifika kwa nyakati mbalimbali, kwa kununua, kwa kurithi au kwa kupewa, swali la nani ni mwenyeji si la kamusi pekee. Neno hilo likiachwa bila fasili katika hati za Kiswahili, litajazwa maana na mwenye sauti kubwa.

10. Hitimisho

Yaliyoelezwa hapo juu yanaonyesha kwamba swali ‘nani mwenye?’ halina budi kugawanywa kabla ya kujibiwa. Wa kwanza ni mmiliki wa uso wa ardhi, ambaye jina lake hupatikana katika masjala ya ardhi. Wa pili ni mshika amana, yaani Serikali kwa niaba ya wananchi. Wa tatu ni mshika mkataba, ambaye aweza kuwa kampuni moja au kadhaa zenye mafungu. Wa nne ni mwendeshaji, anayeonekana shambani na magari yake, na ambaye huenda ana fungu dogo kuliko wenzake wasioonekana. Upekuzi katika masjala ya Nakuru utamfichua wa kwanza peke yake. Wa tatu hutafutwa katika mkataba na hati za uhamisho zilizoko kwa Wizara inayohusika na petroli, na Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na Serikali.

Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Ibara ya 7. Kuwa lugha rasmi kungekuwa na manufaa madogo kama hati zinazohusu ardhi ya watu zingeendelea kufasiriwa barazani kwa papo kwa papo, na kila mfasiri kwa maneno yake. Istilahi zilizopendekezwa hapa, yaani mshika amana, mshika mkataba, mkodi na mkodishaji, mrabaha, uhamisho wa haki na uhamisho wa kampuni, hazikuundwa kwa mashina mageni. Zote zimo tayari katika lugha. Kinachotakiwa ni kuzipa kila moja kazi yake na kuzizuia zisiingie katika kazi ya jirani. Hiyo ni kazi ya idara za lugha. Ikifanywa kabla ya karatasi kufika Kabazi, mkulima atakayeletewa kalamu atajua anatia sahihi juu ya nini, na anayemkabidhi kalamu ni nani.